Mashimo Manne ya Kusini

Katika ukoo wao, Jeilani alikuwa mtu wa kwanza kuishi kwa mawe bila kuyashika. Babu yake alikuwa mwashi, na kuta nyingi za mji wa Amu zilipita mikononi mwake. Baba yake, Mzee Abubakr, alichoma chokaa mpaka mapafu yakamkataza. Jeilani yeye alikwenda Nairobi akasomea upimaji wa ardhi, akarudi na kompyuta, miwani, na tabia ya kuvaa viatu vya kamba hata kwenye mchanga.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu alipoajiriwa na Kampuni ya Jabali. Kampuni hiyo ilikuwa imepata kibali cha kuchimba mawe ya matumbawe huko Matimboni, kijiji kidogo cha wakata mawe kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo kutoka Amu. Kwa miaka mingi watu wa Matimboni walikata kwa mkono, kwa sururu, tindo na mtaimbo, kila mmoja akichimba pale alipoona jiwe limekubali. Ukipanda juu ukatazama, ungeona mashimo yametapakaa bila mpango, haya yameachwa, yale yamejaa vifusi.

Aliyewasimamia ni Emily Adhiambo, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Siaya. Alikuja Matimboni kumfuata mumewe, na mume alipofariki hakuondoka. Alianza kwa kubeba mawe, akajifunza kuyakata, mpaka akawa nyapara wa watu arobaini. Alikuwa akigonga jiwe mara moja tu kwa kitako cha tindo, anatega sikio, anakwambia kama litakatika sawa au litapasuka.

Meneja wa Jabali, Bwana Ubaid, alitaka mambo ya kisasa. Alikuwa amehudhuria semina akasikia kuhusu programu ya akili unde inayopanga machimbo. Unaipa picha za droni, unaipa aina ya jiwe na vina vya maji, nayo inakuchorea pa kuanzia, ngazi za kushukia, kina cha mwisho, na mahali pa kutupa vifusi.

"Hii itatupunguzia kubahatisha," alimwambia Jeilani. "Wewe ndiye utakayeilisha. Ikila vizuri, tutakula vizuri."

Jeilani aliipenda kazi hiyo. Alirusha droni siku tatu mfululizo, akachukua vipande vya mawe, akavipima. Kilichobaki kilikuwa maji.

Kisiwa cha matumbawe kina shida yake. Mvua inayozama ardhini haiendi mbali. Inaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya jiwe, utando mwembamba wa maji baridi juu ya chumvi. Mchimbaji akipita kiasi anautoboa, na bahari inapanda. Kwa hiyo programu ilitaka kina cha maji katika sehemu kumi na moja, asubuhi na alasiri, bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa.

Saba kati ya hizo alizipima Emily. Alifunga kamba mafundo, akaipima kamba kwa utepe wa Jeilani, akazunguka visima na mashimo ya upande wa kaskazini kwa siku nne. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu, na saa kando yake. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa taratibu. Mahali alipokosea alikata kwa mstari mmoja, hakufuta, ili ionekane.

Mashimo manne ya kusini yalikuwa ya Jeilani mwenyewe. Yalikuwa mbali, kule ardhi inakoteremkia mikoko, na kuyafikia ni kupita katika vichaka vya miiba chini ya jua lisilo na huruma. Siku aliyopanga kwenda ilikuwa siku ya arusi ya binamu yake. Alitazama saa, akatazama miiba. Akaketi chini ya banda la vifaa, akafungua kompyuta, akasoma vipimo vya Emily vya kaskazini. Mita sita, tano na nusu, sita na robo. Akaandika vya kusini vifanane navyo. Ilimchukua dakika mbili. Kisha akawahi boti ya Amu, akala pilau ya arusi, akacheka na watu.

Kesho yake programu ilimjibu. Ilimwandikia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba vipimo vinne vya kusini vina walakini. Picha za droni zinaonyesha ardhi ya huko iko chini, na kama maji yako kwenye kina kile, basi yako chini ya usawa wa bahari kwa mita mbili na zaidi, jambo ambalo si la kawaida kwa kisiwa kama hiki. Ilimwomba avipime upya, au athibitishe kwamba vilichukuliwa uwandani. Chini yake palikuwa na visanduku viwili.

Jeilani alivitazama kwa muda. Bwana Ubaid alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza mpango umefikia wapi. Akagusa kisanduku cha pili: vimethibitishwa. Programu haikubishana naye. Iliandika jina lake, tarehe na saa, ikaendelea na hesabu zake.

Mpango ulitoka mzuri wa kuvutia macho, wenye rangi na ngazi zilizopangika. Jeilani aliuonyesha Matimboni kwa projekta iliyofungwa kwenye banda, watu wamekaa juu ya mawe waliyoyakata wenyewe. Alipomaliza, Emily alisimama.

"Injinia, hapa kusini naona mmeandika mita nne. Sisi huko hatujawahi kupita kimo cha mtu. Ukipita, jiwe linaanza kutoa jasho."

Bwana Ubaid alikuwa ameketi mbele, anasikiliza.

"Mama Emily," Jeilani alisema kwa sauti ya upole wa kujifanya, "hii imepigiwa hesabu na akili unde. Si mambo ya jasho."

Watu walicheka. Walicheka hata wakata mawe wenyewe, kwa kuwa meneja alicheka. Emily alitabasamu kidogo, akarudi kukaa.

Kazi ilianza. Mashine mbili za kukata mawe zililetwa kwa jahazi, vumbi jeupe likatanda, na kwa miezi miwili kila kitu kilikwenda kama kilivyochorwa. Mwezi wa tatu wakaingia kusini. Walipofika mita mbili na kidogo sakafu ya timbo, lile shimo la mawe, ililowa. Bwana Abdulqadir, aliyeendesha mashine, akapiga simu ofisini. Jeilani akamwambia yatakuwa maji ya mvua yaliyotuama, waweke pampu waendelee. Walipiga pampu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mwanamke mmoja alichota maji katika kisima cha kijiji, akachemsha chai, akaitema.

Kisima kilikuwa kimeingia chumvi. Kilikuwa ndicho kisima kikubwa cha Matimboni, na watu mia mbili na watoto wao walikitegemea. Tangu siku hiyo maji ya kunywa yakawa yanavushwa kutoka Amu kwa boti, kwenye madumu ya manjano, na foleni ikawa inaanza alfajiri.

Bwana Ubaid alimwita Jeilani na wakuu wengine wa kampuni ofisini, ghorofani, karibu na gati ya Amu. Walikuwa watu watano mezani. Hakupayuka, aliuliza tu.

"Mpango ulikuwa na vipimo vya maji. Nani alivichukua?"

Jeilani alikuwa na jibu, na lilikuwa fupi. Alilisikia likija. Lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Vipimo vya maji alichukua Mama Emily. Kwa kamba."

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimtoka kwa urahisi. Hakuna aliyeuliza kama alichukua vyote. Bwana Ubaid aliguna, akaandika kitu, akasema kazi kama hiyo isingepaswa kuachiwa mtu asiyesomea. Jeilani alitazama meza.

Wiki hiyohiyo Emily aliondolewa unyapara, akarudishwa kubeba mawe. Matimboni ikaenea habari kwamba mama wa watu hakujua kusoma kamba, na kwa ajili yake watu wanakunywa maji ya madumu. Wengine waliacha kumsalimu.

Jeilani aliendelea na kazi. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Alijiambia hivyo akitawadha, akajiambia tena katika safu ya swala ya adhuhuri, bega kwa bega na watu waliomheshimu, hadi imamu akatoa salamu naye hajui amesoma nini. Alikuwa akiifungua ile sehemu ya programu yenye jina lake na saa, anaitazama, anaifunga. Chakula kilimkinaisha. Mkewe, Safaa, alimwona.

"Una nini yeo?" alimuuliza wakati wa chakula cha mchana. "Mato yako hapa, weye huko."

"Kazi tu."

"Kazi yakula mtu hivi?"

Safaa akamwondolea sahani.

Wiki ya sita baada ya kisima kuharibika, alilazimika kwenda Matimboni kukagua kingo za timbo. Alitumaini hatakutana na Emily. Alimkuta kwenye njia ya kwanza tu, ana jiwe kichwani juu ya kata ya kitambaa, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alilitua jiwe, akajifuta mikono.

"Injinia, nilikuwa nakungoja. Njoo kivulini kidogo."

Chini ya makuti alikuwa na dumu lake. Akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akampa kwa mikono miwili. Jeilani alijua maji yale yalitoka wapi na yalipangiwa foleni saa ngapi. Angekataa, ingekuwa dharau. Akayanywa.

"Nataka kukuomba kitu," alisema Emily. "Lile daftari langu unalo bado?"

"Ninalo."

"Nionyeshe nilipokosea. Sikulaumu. Mashine haiwezi kudanganya, hilo nimekubali. Lakini nimefikiria kila siku na sioni. Ile kamba niliipima mara tatu. Au ni saa nilikosea kusoma? Au ni mafundo?" Alinyoosha vidole vyake, vimekakamaa kwa miaka ya tindo, akavitazama kama vya mtu mwingine. "Siku hizi hata jiwe nikiligonga siamini nilichosikia. Namwita Abdulqadir aligonge yeye. Ukinionyesha, nitajifunza nisirudie."

Jeilani alikuwa amejitayarisha kulaaniwa. Hilo angeweza kulistahimili. Hili hakuwa amelitayarishia chochote. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake, limegusana na ubavu wake. Mle ndani hamkuwa na kosa hata moja. Alikwisha kulipitia mara nyingi akitafuta, kwa kuwa angepata hata moja dogo angeweza kulala.

"Ni... ilikuwa kitu kidogo," alisema. "Kamba ikilowa inanyooka. Inaweza kumtokea mtu yeyote."

Emily aliitikia kwa kichwa polepole. "Inanyooka," alirudia. "Kumbe." Akamshukuru, akarudi kulitwika jiwe lake.

Jeilani hakukagua kingo. Alirudi gatini, akaketi juu ya jiwe akiingoja boti, na aibu ikamshika hivi kwamba mwanamume mmoja alimuuliza kama anaumwa. Ofisini alikuwa amenyamaza tu. Hapa alikuwa amemtazama mama aliyempa maji, akamtungia kosa ili amtulize, naye akalipokea kama zawadi.

Kesho yake asubuhi aliingia kwa Bwana Ubaid, akafunga mlango, akamwonyesha kwenye kompyuta. Onyo la programu, kisanduku, jina lake, saa. Alieleza kila kitu, na arusi pia.

Bwana Ubaid alisoma mara mbili. Akaegemea kiti.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe tu."

"Basi tuiache hapa. Unaona hii?" Aligusa kioo. "Jina lako na la kampuni yetu yamekaa mstari mmoja. Hili likifika kwa wanaotoa vibali, tumefungwa sote, na hao watu arobaini hawana kazi. Yule mama tutamtafutia kitu baadaye. Bwana Jeilani, umeungama, umepumua. Rudi kazini."

Jeilani alitoka. Ilimjia hofu kwamba maneno yale yalikuwa yamemfurahisha kidogo. Yalikuwa maneno ya busara, na mtu angeweza kuyakalia miaka.

Siku ya pili aliabiri boti ya kwanza. Alifika Matimboni watu wanakusanyika kwenye banda la vifaa kuchukua zana. Alimwomba Bwana Abdulqadir awanyamazishe. Walimzunguka, wengine na sururu begani. Emily alikuwa nyuma, amefunga kitambaa kichwani tayari kwa kubeba.

"Vipimo vya Mama Emily vilikuwa sawa," alisema Jeilani. "Vyote saba. Mashimo manne ya kusini yalikuwa yangu, na sikwenda. Nilikaa hapa, chini ya banda hili, nikabuni. Nilipoulizwa nani alipima, nikamtaja yeye. Na juzi aliniuliza alikosea wapi, nikamwambia kamba ilinyooka. Haikunyooka."

Bwana Abdulqadir alisogea mbele.

"Sasa ile mashine yenu ya hesabu ndiyo iliyokosea, kwa kutojua?"

Mlango huo ulikuwa wazi, na watu wote wangemruhusu apite. Jeilani alitamani kupita.

"Ilijua," alisema. "Ilinionya kwamba vipimo vina walakini. Ikanitaka nirudi kupima. Nikaiambia nimekwisha kupima."

Mtu mmoja alitema mate chini. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto amehara wiki mbili," akaondoka. Jeilani alisimama palepale. Hakujua pa kuweka mikono yake.

Emily alikuja mbele. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Daftari," alisema.

Akampa. Alifunua kurasa moja moja, kidole kikipita juu ya tarakimu, mpaka mwisho. Kisha akaingia bandani, akatoka na kamba yake.

"Twende."

"Wapi?"

"Kusini. Hayajapimwa bado, si ndiyo? Twende yapimwe."

Walikwenda wawili, yeye mbele. Miiba ilimchana Jeilani mikono na ikamrarua shati. Kwenye kila shimo Emily alimpa kamba aishushe yeye mwenyewe, akamngoja aseme namba, akaiandika, akamwambia aishushe tena. Shimo la kwanza mita mbili na robo. La pili mbili na kidogo. La tatu mbili na nusu. La nne, karibu na mikoko, mita moja na thamanini.

"Saa ngapi?" aliuliza Emily.

"Tatu na dakika kumi."

"Bahari inajaa. Tutarudi alasiri."

Alasiri walirudi. Walipomaliza kabisa, Jeilani alifungua kinywa, naye Emily akamwahi.

"Usiniombe radhi tena. Umesema mbele ya watu, wamesikia. Unyapara nikirudishiwa au nisirudishiwe, hiyo ni shauri ya Bwana Ubaid. Lakini kuna kitu wewe hukijui. Mimi sina kisomo, sina shamba. Nina hivi." Alimwonyesha viganja. "Wiki sita umenifanya nisiviamini. Nilikuwa nampimia mjukuu wangu unga wa uji mara mbili, tatu, nikidhani nakosea. Kazi ni kazi, mtu hupoteza akapata. Hilo lingine sijui kama nitakusamehe. Nikijua, utasikia."

Alikunja kamba, akashika njia ya kijijini.

Watu arobaini wakiisha kusikia, hakuna wa kuficha. Bwana Ubaid alipeleka taarifa mwenyewe kabla hajapelekewa. Uchimbaji wa kusini ulisimamishwa, pampu zikazimwa, timbo likafukiwa kwa vifusi. Vipimo vya Emily na vile vinne vipya vililishwa tena kwenye programu, na mara hii ilipanga kusini kote kusipitwe mita moja na nusu, kimo cha mtu mfupi. Emily alirudishiwa unyapara baada ya majuma mawili. Jeilani aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi, akaisoma gatini, akaikunja.

Safaa alizipata habari kwa wanawake wa mtaani kabla hajazipata kwa mumewe. Hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Watu arobaini wa Manda umewambia. Mimi mke wako nimengoya nini?" Mzee Abubakr naye alinyamaza siku tatu, na siku ya nne akamwambia mwanawe ampeleke msikitini kama kawaida, wakaenda, mzee akimshika mkono imara kuliko ilivyohitajika.

Siku hizi Jeilani anapima viwanja vya watu huko Mokowe, upande wa bara. Anapima kwa miguu, hata pale ambapo picha ingetosha, na wateja humwona mtu mzito wa kumaliza kazi. Kisima cha Matimboni kilipungua chumvi kidogo baada ya masika, kikafaa kwa kufulia. Kwa chai bado.

Mwezi uliopita alipanda boti kutoka Mokowe kurudi Amu, na nahodha akasema atapitia Matimboni kushusha madumu ya maji yaliyojazwa Mokowe. Jeilani hakuwa amekanyaga huko tangu siku ile. Boti ilipofungwa gatini, abiria walijipanga kupokezana, naye akajikuta katikati ya mstari, akipokea dumu na kulipitisha, uso ameinamisha. Alilihesabu la arobaini na tatu likiwa la mwisho. Aliyelipokea kutoka kwake, pale juu ya gati, alikuwa msichana mgeni, aliyeolewa huko juzijuzi.

"Ahsante, kaka," alimwambia. "Mungu akubariki, mmetusaidia sana."

Nahodha akawasha mashine. Jeilani alisogea mpaka nyuma kabisa ya boti, akaketi, akaugeuzia ufuo mgongo mpaka wakafika Amu.